Sifa za Wati Tano Kwenye Mita 160

Kila chenye faida kimekwisha kupata wa kukisifu. Mnazi umesifiwa hadi makumbi yake, ngamia kasifiwa, na simu ya mkononi inajisifu yenyewe mchana kutwa kwenye mabango ya barabarani. Mimi nimechelewa kufika. Nimekuta sifa zimekwisha kugawanywa, nikabakiwa na kile ambacho wenye akili timamu walikihama tangu miaka ya 1920: kurusha redio ya ridhaa kwa nguvu ya wati tano, au chini ya hapo, kwenye bendi ya mita 160. Nitakisifu hivyo hivyo. Naomba subira tu, kwani huko niendako hakufikiki bila subira.

Redio ya ridhaa, kwa asiyeifahamu, ni burudani ya watu waliofanya mtihani, wakapewa leseni na serikali zao, wakajenga au kununua mitambo, ili wazungumze na watu wa nchi za mbali ambao nao hawana la kusema. Wamegawiwa vipande vya masafa, na kila kipande huitwa kwa urefu wa wimbi lake: mita 10, mita 20, mita 40. Mita 160 ndiyo ndefu kuliko zote ambazo mtambo wa kawaida wa dukani huja nazo. Iko kati ya kilohezi 1,800 na 2,000, juu kidogo ya yale masafa ya kati ambayo wazee wetu walisikilizia Redio Tanzania Dar es Salaam. Waingereza huiita Bendi ya Juu. Wapo pia wanaoiita Bendi ya Waungwana, nami sibishani nao. Muungwana ni mtu asiye na haraka.

Wati tano nazo ni chaja ya simu. Sisemi hizi mpya zinazojaza betri kwa nusu saa, nasema ile ndogo ya zamani. Mmarekani mwenye leseni anaruhusiwa kwenda hadi wati 1,500, ambayo ni nguvu ya birika la umeme. Basi shujaa wetu huingia uwanjani na chaja, dhidi ya mabirika.

Nianze na nasaba, kwa kuwa hakuna sifa isiyoanza na nasaba. Sheria ya Marekani ya 1912 iliwasukuma wanaredio wa ridhaa kwenye mawimbi ya mita 200 kushuka chini, kwa imani kwamba huko hakuna cha maana. Mwezi Desemba 1921 mwenzao mmoja, Paul Godley, alivuka bahari hadi Ardrossan, Uskochi, akapiga hema kwenye baridi na mvua, akatandaza waya mrefu, akazinasa alama za Morse za stesheni ya ridhaa iliyokuwa Greenwich, Connecticut. Wimbi lilikuwa la mita 230 hivi. Dunia ya redio ilishangilia. Lakini Novemba 1923, Léon Deloy aliyekuwa Nice na Fred Schnell aliyekuwa Connecticut walizungumza kwa zamu kuvuka Atlantiki kwa mawimbi ya mita 110 au karibu na hapo, na tangu siku hizo kila mtu akajua ukweli: kadiri wimbi linavyofupika, ndivyo bahari inavyokuwa nyepesi. Leo, jua likiwa na madoa ya kutosha, wati tano kwenye mita 20 huvuka bahari saa sita mchana huku mwenyewe anakunywa chai. Watu wakahama. Mita 160 ilianza kuwa tukufu siku ilipokosa sababu ya kutumiwa.

Wasiokuwa na adabu huilaumu kwamba mchana haifanyi kazi. Ni kweli. Jua likiwa juu, tabaka la chini la anga ambalo wataalamu huliita D hulimeza wimbi hili lote, na stesheni ya kilomita mia chache huwa imekwenda mbali kuliko mwezi. Usiku tabaka hilo hutoweka, na wimbi hupata mahali pa kudunda. Lakini usiku wenyewe hautoshi. Uwe usiku wa majira ya baridi, radi zikiwa zimetulia. Tena uwe wa mwaka ambao jua lina madoa machache. Hapo mtu husema bendi hii ni mvivu. Mimi nauliza: ni starehe gani nyingine inayomwachia mtu mchana wake wote, kiangazi chake chote, na miaka kadhaa katika kila kumi na moja? Mpira hauwezi. Pombe ndiyo kabisa.

Hata hivyo utukufu wenyewe uko kwenye antena, na hapa naomba niruhusiwe kukaa. Nusu ya wimbi ni mita 80. Vitabu vinataka waya wa urefu huo uning'inizwe mita 80 kutoka ardhini, ndipo mawimbi yatoke yakiwa yameinama kuelekea upeo wa macho, yaende mbali. Mkazi wa Leeds au Manchester mwenye ua wa mita 12 nyuma ya nyumba husoma maneno hayo, hufunga kitabu, kisha huanza kuutazama mti wa jirani kwa jicho la tamaa. Akiufunga waya wake mita 10 tu juu, mawimbi hupanda wima, hugonga anga na kushuka karibu na hapo yalipotoka. Atasikika vizuri ajabu na mtu wa mtaa wa pili, ambaye angeweza kumwita kwa mdomo.

Basi huamua kusimamisha mlingoti. Robo ya wimbi ni mita 40, yaani jengo la ghorofa kumi na kitu, na halmashauri ya mji haitaki kusikia. Husimamisha mita 10, halafu huweka koili kubwa chini yake ili mtambo udanganyike kwamba mlingoti ni mrefu. Mtambo hudanganyika. Udongo haudanganyiki. Mlingoti wa mita 10 kwenye wimbi la mita 160 una kiasi cha omu moja na nusu tu za ukinzani unaorusha kitu angani. Udongo wa ua, pamoja na nyaya chache zilizofukiwa humo, waweza kuwa na omu 15, na kazi ya hizo ni kupasha udongo joto. Piga hesabu: katika wati zake tano, wati nne na nusu huwaendea minyoo. Nusu wati ndiyo inayotoka kwenda Amerika, na hapo koili haijadai chake. Niambieni ni nani mwingine, kati ya wafadhili wote wa Uingereza, anayewakumbuka minyoo usiku wa Januari.

Dawa ipo. Mwaka 1937 wahandisi watatu wa RCA, Brown, Lewis na Epstein, walichapisha vipimo vilivyoonyesha kwamba ukifukia nyaya nyingi kuzunguka mlingoti, udongo huacha kula. Stesheni za utangazaji zikazoea kufukia nyaya 120. Kwa mita 40 kila mmoja, hizo ni karibu kilomita tano za shaba, kwa ajili ya mtambo wenye nguvu ya chaja. Wapo wanaofukia, kidogo kidogo, kila Jumamosi, kwa kisu cha jikoni kinachopasua nyasi na kidole kinachosukuma waya ndani. Bustani za hao zina shaba kuliko mboga.

Kusikia nako kuna antena yake. Ule waya mrefu wa Godley kule Ardrossan ulikuwa wa aina aliyoibuni Harold Beverage: hutandazwa chini chini, mita mbili au tatu kutoka ardhini, na huanza kunoga ukifika urefu wa wimbi zima na kuendelea. Yaani mita 160, mita 300, kuelekea upande unaotaka kuusikia. Ukitaka upande mwingine, ni waya mwingine. Sijaona hobi nyingine inayomfundisha mtu wa mjini kutamani shamba kwa dhati namna hiyo, na asitake kulima.

Nimesema radi, nami sitaki mchango wetu usahaulike. Bonde la Kongo na Ziwa Victoria ni miongoni mwa mahali palipo na radi nyingi kuliko pote duniani. Mikwaruzo yake husafiri usiku kwenye masafa hayohayo, ikaingia kwenye spika za watu wasiojua Bukoba iko upande gani. Tumewachangia miaka yote hiyo na hatujatumiwa hata barua ya shukrani. Siku hizi lakini tumepata wapinzani: taa za LED, vigeuzi vya umeme wa sola, televisheni na, zaidi ya vyote, chaja za bei ya chini. Tazameni uzuri wa mpango huo. Mtu anarusha kwa nguvu ya chaja, na anayemfunika asisikie kitu ni chaja ya jirani, ambayo haikukusudia kurusha chochote.

Sasa tumwone kazini. Ni saa tisa usiku, Desemba, kiti kimefunikwa blanketi. Amechagua Morse kwa sababu sauti ya mtu inahitaji nafasi na nguvu ambayo hana. Nukta na kistari hupenya palipo pembamba. Anaisikia stesheni ya Massachusetts ikiita kwa wati 1,500, safi kabisa. Anaijibu. Stesheni inaendelea kuita kana kwamba hakuna aliyezaliwa. Wanaredio wana jina la mtu wa namna hiyo: mamba, mwenye mdomo mkubwa na masikio madogo. Lakini mara nyingi si kosa la mamba. Nusu wati imemfikia imechanganyika na radi za Brazil. Anaijibu tena. Mvumilivu hula mbivu, tuliambiwa, ila waliotuambia hawakutaja msimu. Kisha jua linapokaribia kuchomoza upande wake, mawimbi hupanda kwa dakika chache, kama yanavyozoea kufanya kwenye ukingo wa usiku na mchana, na yule wa mbali husita, huuliza: nani? Herufi moja inanaswa. Halafu mbili. Anarudia jina la stesheni yake tena na tena hadi linakamilika, na ndipo anapopewa ripoti yake: 599. Maana ya tarakimu hizo ni kwamba unasikika bila tatizo lolote, kwa nguvu nyingi, kwa mlio safi. Kwenye mashindano kila mtu hupewa 599, na hakuna anayecheka.

Asubuhi mkewe huuliza usiku kucha alikuwa anaongea na nani.

"Mtu wa Massachusetts."

"Hajambo?"

Hilo hakuuliza. Hapa nakiri kwamba msomaji wa Kiswahili atapata taabu, kwa kuwa sisi hatununui fungu la mchicha kabla ya kuulizana habari za nyumbani, za kazi na za watoto. Mtu akae macho hadi alfajiri, avuke kilomita 5,000 za bahari, asiulize hata hali! Lakini fikirini: kwa kasi ile, salamu zetu zingemaliza majira ya baridi.

Wala asidhani mtu kwamba haya ni maringo ya juzi. Uingereza, kwa miongo kadhaa baada ya Vita Kuu ya Pili, bendi hii iligawanywa kati ya wanaredio wa ridhaa na vyombo vya baharini, na sheria iliwafunga wanaredio wasizidi wati 10. Tena wati hizo zilikuwa zinazoingia kwenye hatua ya mwisho ya mtambo, wala si zinazotoka. Marekani nako mfumo wa LORAN wa kuongozea meli na ndege, uliozaliwa vitani, uliikalia bendi hiyo kwa muda mrefu, na wanaredio wakaachiwa pembe. Katikati ya dhiki hiyo Stew Perry wa Winthrop, Massachusetts, alikuwa akiandaa majaribio ya kuvuka Atlantiki kila majira ya baridi, na Waingereza wa wati 10 wakavuka. Mwaka 1974 kasisi wa Kianglikana, George Dobbs, alianzisha klabu ya watu wa nguvu ndogo, ile G-QRP Club. Sishangai kwamba alikuwa kasisi. Kuita gizani na kungoja jibu alikuwa na uzoefu nako.

Perry ameachiwa mashindano yenye jina lake, yanayofanyika kila Desemba kwenye mita 160. Alama hutolewa kwa umbali, na aliyetumia wati tano huzidishiwa alama zake mara nne. Linganisha mwenyewe: kutoka birika hadi chaja nguvu imepungua mara 300, huruma imeongezwa mara nne. Ni uwiano wa haki kuliko mwingi ninaoujua, na bado mwenye chaja hushindwa.

Ikiwa yuko msomaji ambaye hata hivyo anaona mita 160 ni rahisi mno, asikate tamaa. Mkutano wa dunia wa mawasiliano ya redio wa 2007 uliwapa wanaredio wa ridhaa kipande kingine, kati ya kilohezi 135.7 na 137.8, ambacho wimbi lake ni mita 2,200. Huko robo ya wimbi ni mita 550, na nguvu inayoruhusiwa kutoka kwenye antena ni wati moja. Ili kuipata hiyo moja, mtu huweza kulazimika kusukuma mamia ya wati ndani ya waya, na minyoo hula karamu. Baadhi yao hutumia Morse ya polepole ambayo nukta moja huchukua dakika nzima, hivyo jina la stesheni peke yake hukaribia saa moja au huipita. Mtu huyo anastahili sifa kuliko huyu wangu, nami ningemwandikia papa hapa, ila ndiyo kwanza amefika herufi ya tatu.