Barua ya Wazi kwa Waheshimiwa Waandaaji wa Maonyesho ya Wanafunzi Wajasiriamali, Maskati

Kwa heshima na taadhima, barua hii inawapongeza Waheshimiwa kwa dodoso lao, yaani ile karatasi ya maswali wanayogawiwa wanafunzi wa vyuo vikuu kila msimu wa maonyesho, ambayo safari hii tena imeuliza ni nini kinachomsukuma kijana kuanzisha biashara, ikamwekea visanduku vya ubunifu, uthubutu na uzalendo, na ikasahau kisanduku cha kukosa kazi.

Wataalamu hutenganisha ujasiriamali wa fursa, ambao mtu huuingia kwa kuwa ameona soko, na ujasiriamali wa dharura, ambao huuingia kwa kuwa hana pengine pa kushika. Waheshimiwa, kwa ukarimu wao, wameufuta huo wa pili. Mwaka 2011, vijana wa Oman walipoingia barabarani mjini Sohar kudai kazi, ziliahidiwa nafasi 50,000 za kazi na posho ya riali 150 kwa mwezi kwa mtafuta kazi. Leo huahidiwa warsha.

Ombi kuu ni hili: kwa kuwa hakuna warsha iliyozalisha wafanyabiashara wengi kama kauli ya waajiri ya "tutakupigia simu", kauli hiyo ijengewe mnara karibu na sanamu ya chetezo kikubwa cha bustani ya Riyam, ambacho kimekaa kipweke siku nyingi. Mnara uwe simu ya marumaru nyeupe, kimo cha ghorofa tatu, waya wake usiungane na chochote, bustani yake imwagiliwe hata mwezi wa Julai, na taa ya kijani iwake usiku kucha kuthibitisha kwamba laini ni nzima. Aajiriwe mpangusa vumbi mwenye shahada na uzoefu wa miaka mitano wa kupangusa simu zisizolia. Siku ya mahafali, mara moja tu kwa mwaka, ilie. Mgeni rasmi aipokee mbele ya wahitimu na majoho yao, na isikike sauti ikiuliza kama hapo ndipo duka la matairi la kule Ghala.

Vilevile, vyeti vya kuhudhuria warsha vichapwe kwenye karatasi isiyopitisha mafuta, maana ndivyo vinavyofungiwa sambusa.

Msichana anayekanda unga wa maandazi Seeb usiku wa manane, vitabu vya uhandisi vikiwa kando ya sinia, na asubuhi kuyauza kwenye buti la gari la kaka yake kule Al Khoud, hakusukumwa na uthubutu. Amesukumwa na dada yake mwenye shahada hiyohiyo, ambaye amekaa nyumbani bila kazi hadi leo. Kumwuliza motisha yake, kisha kumpiga picha ya kupambia ripoti, ni stihizai, na wanaoifanya wanajua wanachokifanya.

Waheshimiwa waiwie radhi kalamu iliyoteleza. Maandazi yataletwa kwenye maonyesho yajayo kama ada, ila safari hii wanaombwa wayalipie, baiza 100 kila moja, taslimu.