Daftari la Kuhesabu Maneno

Anthony Trollope, ofisa wa posta wa Uingereza, alikaa mezani saa kumi na moja na nusu alfajiri, saa ikiwa mbele yake, akijilazimisha kuandika maneno 250 kila robo saa. Kurasa alizihesabu kwenye shajara. Mtumishi alilipwa pauni 5 za ziada kwa mwaka ili amwamshe na kahawa. Alipofariki mwaka 1882 alikuwa ameandika riwaya 47.

Nasi tumemwiga katika yote, riwaya tu ndizo zimetushinda.

Daftari langu lina safu ya tarehe, safu ya maneno na safu ya hali ya moyo. Kalamu ya kijani kwa siku njema, nyekundu kwa siku mbaya. Kulipiga mistari kulinichukua wiki nzima, na wiki hiyo, kwa haki kabisa, nimeitia kijani. Simu nayo ina programu inayolia alfajiri. Naizima kwa kidole kimoja, narudi shukani, nayo inanipongeza kwa kuifungua siku 40 mfululizo.

Jumatatu niliandika maneno 312. Kati ya hayo, 290 yalieleza kwa nini Jumapili sikuandika. Mama watoto akachungulia: “Baba Zawadi, hicho kitabu kinahusu nini?” Nikamjibu bado sijafika huko.

Shaaban Robert, karani wa forodha, alituachia vitabu zaidi ya 20. Mimi daftari la kwanza limeshajaa. Kesho nanunua la pili, lenye jalada gumu.