Sifa za Muuaji Asiyekimbia

Wengine na wasifu mashujaa na warembo. Mimi namsifu muuaji wa filamu za Kimarekani za bei chee, yule wa kinyago usoni na kisu cha jikoni mkononi. Anayewindwa hutimua mbio mpaka pumzi zikamkatika; yeye huenda taratibu kama mzee anayetoka msikitini, na bado hutangulia kufika. Hapigi domo, haombi likizo, hadai posho. Mpige risasi sita aanguke toka ghorofani, kisha chungulia chini: nyasi tupu.

Na uso wake ni wa bei gani? Kwa ajili ya Halloween ya John Carpenter, iliyotoka 1978, kilinunuliwa kinyago cha mpira cha Kapteni Kirk wa Star Trek kwa dola zisizofika mbili. Wakatanua matundu ya macho, wakakipulizia rangi nyeupe, basi. Nick Castle aliyekivaa alilipwa dola 25 kwa siku. Kisa kinatokea Illinois mwezi wa Oktoba, majani yakipukutika, ila picha zilipigwa California mwezi wa Mei, miti ikiwa ya kijani kibichi. Ikabidi majani yapakwe rangi, yamwagwe barabarani, kisha yazolewe na kutiwa mifukoni yangoje zamu nyingine. Miti ya jamii ya minazi haikuzoleka, ukikaza macho utaiona kule nyuma. Muziki aliutunga na kuupiga Carpenter mwenyewe. Gharama yote ilikuwa kiasi cha dola 300,000, mapato yakafika milioni 70 hivi. Ubahili ulishawahi kuzaa hivyo?

Waigaji wakajaa tele. Mwaka 1980, katika Friday the 13th, mwigizaji Kevin Bacon, bado hajavuma, alichomwa mshale wa koo akiwa kitandani. Kichwa kilikuwa chake, kimetokezwa kwenye tundu la godoro. Shingo na kifua vya bandia, mafundi wakiwa uvunguni. Mpira wa kusukumia damu ukachomoka, msaidizi mmoja akaudaka na kuupuliza kwa mdomo. Damu ikaruka, na ndiyo unayoiona mpaka leo.

Wapo wanaolalamika kwamba visa vyote ni kimoja: vijana walevi, nyumba ya porini, simu imekatika, gari halitaki kuwaka. Wakati wa kukaa pamoja, wao hugawana vyumba. Wanaojifunika shuka moja hufa mapema, na binti mtulivu, asiyelala na mtu, ndiye anayeliona jua. Kungwi gani amewahi kufundisha kwa mkazo huo? Nami sioni ubaya wa kuujua mwisho mapema. Ndiyo maana watazamaji huthubutu kumfokea steringi: “We dada, yuko nyuma yako!” Kwenye filamu za kisomi, nani utamfokea?

Basi ukiipata Halloween, itazame usiku. Na ukimwona muuaji kalala chali, usishangilie: sehemu ya pili ilitoka 1981.