Bei ya Minazi

Vyuo binafsi vidogo vya Marekani vina tabia inayomchanganya mtu aliyekulia Tanga: bei iliyoandikwa inatisha, na jina ambalo hakuna aliyewahi kulisikia ndilo lenye mkono mwepesi wa kuipunguza.

Sisi tunaishi Columbus, Ohio. Ukiendesha gari kutoka hapa, mwendo usiozidi saa mbili, huchelewi kukuta chuo kimejificha katikati ya mahindi: Denison kule Granville, Kenyon kule Gambier, Wooster, na Ohio Wesleyan kilichoko mji uitwao Delaware, ingawa Delaware jimbo liko kwingine kabisa. Wanafunzi elfu moja na kitu, elfu mbili na kitu, basi. Ada inapita dola 50,000 kwa mwaka, chumba na chakula mbali. Mke wangu alipoiona mara ya kwanza alidhani ni ya miaka yote minne, akasema, “Si mbaya.”

Kumbe wanaoilipa yote ni wachache. Kwa wastani vyuo binafsi humsamehe mwanafunzi wa mwaka wa kwanza zaidi ya nusu ya ada. Msamaha huo una milango miwili. Mmoja ni wa shida: unaeleza ulichonacho, wanakadiria usichonacho. Wa pili ni wa alama: mtoto amefaulu, anapewa skolashipu, mfuko wa baba hauhusiki. Harvard na wenzake wa Ivy League mlango wa pili hawana kabisa. Kila anayeingia kwao ana alama; wamtunze nani, wamwache nani?

Katika kumtafutia binti yetu chuo, tukaanza na mlango wa shida. Juu ya fomu ya serikali, FAFSA, vyuo binafsi kadhaa hudai nyingine iitwayo CSS Profile, na hiyo ina udadisi wa mawifi. Ikauliza kama tuna ardhi popote, na thamani yake. Marehemu baba alituachia shamba la minazi Pangani, halijagawanywa mpaka leo kwa sababu kila kikao cha kuligawa huishia kwenye pilau. Nikampigia baba mdogo, ambaye ndiye mwangalizi.

“Shikamoo, baba.”

“Marahaba, mwanangu.”

“Hivi lile shamba siku hizi lina thamani gani?”

Nikasikia akipunguza sauti ya redio. “Nani ananunua?”

“Hakuna. Chuo kinauliza.”

“Chuo kinataka minazi?”

Kulipokucha Tanga, kundi la WhatsApp la ukoo lilikwishajua kwamba Wamarekani wamefika bei shamba la marehemu. Shangazi wa Muheza akatuma ujumbe wa sauti mrefu, nusu yake kilio. Kaka yangu mkubwa akaja na hoja ya kisheria: iko minazi minne aliyoipanda kwa mkono wake, hiyo haimo kwenye mirathi. Binamu yangu mmoja, ambaye miaka yote yumo kundini na hasemi neno, akatuma namba ya dalali.

Ndipo nikaupenda mlango wa alama. Hauulizi minazi. Chuo kidogo kina vitanda vya kujaza na wastani wa ufaulu wa kulinda, kwa hiyo mtoto mwenye alama nzuri, ambaye kule kwa wakubwa angekuwa mmoja tu katika foleni, huku anabembelezwa. Binti yetu, anayetuzidi akili sote wawili, akaacha kutazama majina akatazama hesabu. Vyuo vingi hutoa taarifa ya kila mwaka iitwayo Common Data Set. Sehemu ya H inaonyesha ni wangapi wasio na shida waliopewa pesa, na kiasi gani kwa wastani. Tena tangu 2011 sheria inavitaka vyuo vinavyopokea pesa za serikali kwa ajili ya wanafunzi viweke kikokotoo cha gharama halisi kwenye tovuti zao. Yeye ndiye aliyetuonyesha maandishi madogo pia: skolashipu nyingi ni kiasi kilekile miaka yote minne, wakati ada inapanda kila mwaka, na alama zikishuka chini ya kiwango, pesa nazo kwaheri.

Jumamosi moja tukaenda kutembelea Wooster. Bendi ikapita mbele yetu, madume mazima yamevaa sketi za mistari ya Kiskoti, mashavu yamefura, yakipuliza zumari zenye mfuko. Tukaambiwa wapo wanaopewa skolashipu kwa kupuliza hizo. Mke wangu alinitazama kwa uchungu wa kweli. “Na kwenu wamejaa wapiga tarumbeta,” akasema, “hakuna hata mmoja aliyemfundisha huyu mtoto.”

Barua zikaja. Chuo kimoja kilimpa pesa nyingi, kingine, alichokipenda zaidi, kikampa pungufu. Hapo akaingia kazini mke wangu, aliyewahi kuuza vitenge Ngamiani. Akaniamuru nipige simu ya ofisi ya udahili, niseme kwa adabu kwamba mwenzao ametoa zaidi. Bwana wa upande wa pili hakushangaa hata kidogo. Akaomba nakala ya ile barua. Baada ya wiki akapiga mwenyewe: wameongeza dola 3,000 kwa kila mwaka.

Nikaziba simu kwa kiganja, nikamnong’oneza mke wangu.

“Usikubali haraka,” akasema. “Jifanye unaondoka.”

“Niondoke vipi? Niko kwenye simu.”

“Basi kohoa.”

Nikakohoa.