Sifa za Setingi

Wapo wanaosifu mnara. Mimi sina ugomvi na mnara, ila mnara una wenyewe: una uzio, una kufuli, na mtandao ukikata hapa Ndalambo, wilayani Momba, mkoani Songwe, hakuna raia anayeruhusiwa kuupanda akauuliza kulikoni. Setingi ni zetu. Zimo ndani ya simu na ndani ya kompyuta, hazidai kibali cha mtendaji wa kata. Mkulima wa Momba asiyeweza kugusa bei ya mahindi wala ya mbolea anaweza kubadili setingi za mtandao saa yoyote aipendayo, tena bure. Kwa hilo pekee zinastahili kigelegele.

Tazameni zinavyompandisha mtu cheo. Msimu wa kuomba mikopo ya chuo ukifika, kijana wa steshenari anazungukwa na wanafunzi na wazazi wao, na ukurasa unazunguka tu, haufunguki. Asiyejua setingi angesema, “Mtandao unasumbua, rudini jioni,” akabaki na duka tupu. Wetu anafungua lile dirisha jeusi, anaandika netsh na maneno mengine yasiyosomeka, maandishi meupe yanashuka, na mzee aliye nyuma anamnong'oneza jirani: huyu mtoto kasoma. Ukurasa ukifunguka, ni yeye. Usipofunguka, ni mnara. Nionyesheni kazi nyingine yenye hesabu safi namna hiyo.

Na sijafika kwenye ile asilimia 20. Windows XP ilipotoka mwaka 2001, uvumi ulizagaa kwamba kompyuta inajifichia asilimia 20 ya kasi ya mtandao, na kwamba ukiingia kwenye setingi ukaandika sifuri utarudishiwa haki yako. Microsoft wakaeleza kwamba hakuna kinachofichwa: fungu lile hutengwa pale tu programu inapoliomba, na lisipotumika wengine hulitumia lote. Maelezo hayakuzuia kitu, na heri hayakuzuia. Ni mali ambayo haikuibwa kamwe, na bado kila aliyeifuata amefanikiwa kuirudisha. XP yenyewe iliachwa kuhudumiwa mwaka 2014. Uvumi wake bado unadunda.

Zisifiwe pia 8.8.8.8 za Google, zilizokuja mwaka 2009, na mdogo wao wa kampuni nyingine, 1.1.1.1 wa mwaka 2018. Namba ya NIDA ina tarakimu 20, nasi tunaitafuta kwenye karatasi iliyokunjwa. Hizi zimekaa kichwani mwa kila fundi. Kazi ya namba hizi ni kuulizia jina la tovuti linakaa anwani gani. Huulizia haraka kweli wakati mwingine, kisha picha inashuka kwa mwendo wake uleule wa jana. Lakini ile dakika ya kwanza baada ya kubonyeza “sawa”, nani hajahisi kasi?

Kuna setingi nyingine yenye ujasiri zaidi. Tangu Vista ya mwaka 2007, Windows hupima yenyewe data kiasi gani ipokee kabla ya kumjibu mtumaji. Fundi anakuja, anaizima, eti inachelewesha. Kuizima kabisa ni kurudi kwenye kikomo cha zamani cha kilobaiti 64 kwa mkupuo. Pale ambapo kwenda na kurudi kunachukua sehemu moja ya kumi ya sekunde, huo ni ukomo wa megabiti 5 hivi kwa sekunde kwa kila muunganisho, hata mnara ukiwa na 50. Mteja analipa, anashukuru.

Historia nayo ina setingi yake. Oktoba 1986, kati ya maabara ya Lawrence Berkeley na chuo kikuu cha hapohapo Berkeley, Marekani, umbali usiofika mita 400, mtandao uliporomoka kutoka biti 32,000 kwa sekunde hadi 40. Kila kompyuta ilikuwa inasukuma pakiti za data na kurudia kuzisukuma. Dawa aliyoichapisha Van Jacobson mwaka 1988 ilikuwa kuzifundisha kompyuta zianze taratibu, na zikiona pakiti zinapotea zipunguze. Setingi iliyouokoa mtandao, basi, ilikuwa ya kupunguza mwendo. Tafuta steshenari itakayokubandikia hiyo mlangoni.

Zipo zinazofanya kazi kweli, nazo nazipita haraka maana hazina sherehe: kuiambia kompyuta kwamba bando la simu linapimwa, ili isishushe masasisho kimyakimya, kuilaza simu kwenye 3G pale 4G inapokonyeza tu, na kwa wa Tunduma, kuchagua mtandao kwa mkono kabla simu haijavuka mpaka kwenda Nakonde, Zambia, bila pasipoti. Hakuna mzee atakayenong'ona kwa ajili ya hayo.

Malkia wa setingi zote ni ile ya ndege. Iwashe, hesabu kidogo, izime. Simu inajitambulisha upya kwa mnara, na mara nyingine mambo yanakaa sawa. Uwanja wa Ndege wa Songwe, licha ya jina lake, uko mkoa wa Mbeya, lakini Ndalambo tunaruka na kutua kutwa nzima, na jioni, watu wote wakiwa hewani, tunaruka mara nyingi zaidi.