Barua ya wazi kwa Waziri wa Nishati: kodi ya mgeni wa nyuzi 50

Mheshimiwa Waziri,

Pokea pongezi. Katika uwanda huu wa kati, ambako hata mvua huja ikipenda, hakuna mgeni aliyewahi kuandaliwa kwa heshima kama mafuta ghafi ya Hoima, Uganda. Yana nta nyingi, yakipoa yanaganda. Kwa hiyo bomba lake la kilomita 1,443 hadi Chongoleani, Tanga, limevikwa vazi la kutunza joto na kuwekewa nyaya za umeme ili yasishuke chini ya nyuzi 50. Yatakatiza Singida na Kondoa yakiwa na joto lake usiku na mchana, kando ya vijiji ambavyo bado vinapikia kuni na ambavyo mkakati wenu wa nishati safi wa 2024 unavihimiza viziache. Hatumfukuzi mgeni. Tunaulizia kodi.

Utaratibu uliopo ni huu: mthamini anakuja, anahesabu mashina ya miembe, anapima kuta za tembe, anaandika hata makaburi, kisha mwenye shamba anasaini na kulipwa mara moja, basi. Upande wa pili, ada ya kusafirisha kila pipa ni dola 12 na ushee. Mapipa yakifika 216,000 kwa siku kama inavyotarajiwa, hizo ni zaidi ya dola milioni 2.5 kila kunapokucha. Sheria zetu za ardhi za 1999 zinakiri kwamba haki ya mtu katika ardhi ina thamani. Sielewi basi kwa nini thamani hiyo ikome siku ya kusaini, ilhali bomba litaendelea kuingiza fedha kwa miaka mingi juu ya ardhi ile ile. Wala mgawo si jambo geni serikalini. Vijiji vilivyotenga maeneo ya Jumuiya za Hifadhi za Wanyamapori hugawiwa mapato ya utalii na uwindaji. Kumbe tembo analipa kodi ya malisho, na mafuta yanalala bure.

Nitaambiwa kwamba Shirika la Maendeleo ya Petroli Tanzania (TPDC) lina asilimia 15 ya hisa za bomba, kwa hiyo sote tunafaidi. Ni kweli, ila kwa hesabu hiyo aliyepoteza shamba la uwele Kondoa anafaidi sawasawa na mwenzake wa Mtwara asiyepoteza hata shina. Nitaambiwa pia kwamba wanaolilalamikia bomba wanatumwa na wageni. Hofu hiyo ya wageni inashangaza kidogo, maana TotalEnergies ya Ufaransa ina asilimia 62 na haijaulizwa imetumwa na nani. Na kama ni uzalendo, watu wa Kondoa walishaonyesha wao: mwaka 1979, chini ya mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, waliamriwa kuondoa mifugo yao ili udongo uliomomonyoka upone, wakaiondoa. Waliobeba gharama ya kuiponya ardhi hiyo wana haki ya kuuliza itachimbwaje, na kwa faida ya nani.

Tena kuna suala la saa. Novemba 2023 Mahakama ya Afrika Mashariki, Arusha, ilitupa kesi ya asasi za kiraia dhidi ya bomba hili kwa sababu ilichelewa kufunguliwa. Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki unatoa miezi miwili tu ya kufungua kesi. Uharibifu wa mazingira haukujadiliwa, kalenda ndiyo iliyojadiliwa. Sina ugomvi na kalenda. Ninachoona ni kwamba uthamini wa mashamba ulianza 2018, uamuzi wa mwisho wa kuwekeza ukatangazwa Februari 2022, na katikati hapo mkulima akawa anajiuliza kama apande mwembe au aache. Saa hiyo hakuna aliyeihesabu kwa siku.

Kwa hiyo ombi letu ni dogo, Mheshimiwa: ifungueni tena mikataba, mweke humo senti kadhaa za kila pipa ziende moja kwa moja kwenye akaunti za vijiji vinavyopitiwa na bomba, na hesabu zake zisomwe kwenye mkutano mkuu wa kijiji kila robo mwaka. Kutoka ofisini kwenu Mtumba, Dodoma, hadi Kondoa ni barabara ya lami. Mkiwa na nafasi, njooni mzisome wenyewe.

Wenu katika ujenzi wa taifa,
Mwananchi wa uwanda wa kati