Juu Kioo, Chini Kutu

Kunguru wa Tanga haulizi bei. Unaweza kuwa umelipaka gari lako dawa ya Kijerumani au ya Kijapani, umeshinda nalo kwa fundi kutwa nzima kama mtu aliyempeleka mgonjwa hospitali ya Bombo. Ukiliegesha chini ya mti, yeye anashuka, anatia sahihi kwenye boneti, anaondoka zake. Ndege hawa walitolewa India wakaletwa Unguja miaka ya 1890 ili wale takataka za mji. Kazi hiyo waliifanya, wakazaana, wakavuka maji, wakaijaza pwani nzima, na sasa naona wamejiongezea idara ya ukaguzi wa magari. Mavi yao yana tindikali. Jua la saa saba likiyakuta juu ya rangi, hata ukiyafuta linabaki doa lisilotoka.

Haya siyajui kwa kumiliki gari. Gari ni la shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, ila linalala uani kwetu Makorora kwa kuwa kwake hakuna geti. Alfajiri, watu wanatoka msikitini, mimi naamshwa na mlio wa kitambaa kikisuguliwa kwenye bati. Kwanza alikuwa anasugua kwa kitambaa chake. Siku hizi anatumia taulo zetu, kwa sababu ati za pamba hazikwaruzi.

Gari lenyewe ni Toyota IST, ile ya toleo la kwanza iliyotengenezwa kuanzia 2002 hadi 2007. Alipoliagiza alilipa ushuru wa forodha asilimia 25, ushuru wa bidhaa asilimia 5 kwa ukubwa wa injini, kisha asilimia 30 nyingine kwa sababu gari limepita miaka kumi, na juu ya mlima wote huo ikapandishwa VAT ya asilimia 18. Mimi hiyo asilimia 30 ndiyo iliyonikaa moyoni. Hiyo ni ya uchakavu. Maana yake serikali yenyewe imelitazama gari, ikatamka rasmi kwamba hili ni kuukuu, na risiti ikatolewa. Shemeji akalipa bila neno. Halafu, kabla hata risiti haijakunjika, akaenda kumlipa mtu mwingine pesa nyingine alifanye gari hilo hilo lionekane jipya.

Hiyo ndiyo seramiki. Nimeelezwa habari zake mara nyingi kuliko nilivyoelezwa habari za shule ya wanangu, kwa hiyo naweza kuwaeleza na nyinyi. Ni kimiminika chenye silika, ndugu yake kioo. Kinapakwa kidogo kidogo kwa kitambaa, kinashikana na rangi, kikikauka kinakuwa kigumu, na maji yakimwagwa juu yake yanakimbia kama yamefukuzwa. Hilo ni kweli, nimeliona. Lakini kazi yake inaishia hapo. Kokoto ikirushwa na lori la mbele, seramiki haizuii kitu. Na kunguru akiachiwa mpaka adhuhuri, anashinda.

Kuna jambo jingine ambalo wauza seramiki hawapendi kulisema kwa sauti. Tabaka la juu kabisa la rangi ya gari, lile lisilo na rangi ambalo ndilo linalong'aa, ni jembamba kuliko unywele wa kichwani mwako. Kila ukipigisha gari polishi ya mashine, sehemu ya tabaka hilo inakwanguliwa. Sasa mtu anayekwenda kupiga polishi kila akipata mshahara, huyo analilinda gari au analimenya?

Nilimuuliza shemeji swali hilo. Akanijibu kwamba dawa yake ni kuongeza kinga nyingine, ile karatasi ya plastiki inayoonyesha, inayogandishwa mwili mzima wa gari. Ati ilianzia kwa jeshi la Marekani wakati wa vita vya Vietnam, kulinda mapanga ya helikopta yasiliwe na mchanga.

"Shemeji, kama inalinda helikopta, IST itashindwa?"

Nikamwambia helikopta haina haja ya kupita kwenye matuta ya kutoka Segera hadi hapa, wala haipigwi tochi Muheza. Akanuna. Mke wangu akaniambia nimeanza tena.

Basi tuna gari uani, lakini lina masharti kuliko kigoda cha mganga. Usiliegemee. Ukifungua mlango, fungua kwa mpini, usishike bati. Ukiwa umevaa mkanda wenye bizimu, pita mbali. Watoto wasicheze mpira, wasicheze rede, na ikiwezekana wasicheze. Samaki kutoka Deep Sea hawapandi, hata wakiwa wamefungwa kwenye mifuko mitatu, ati harufu itaingia kwenye viti, na viti vyenyewe bado vimevikwa nailoni. Siku tuliyokwenda harusini Pangani shemeji alitambaa njia nzima, ameshikilia usukani kwa mikono miwili, akiona lori anasimama kando kulipisha, kwa kuogopa kokoto za ujenzi wa barabara. Watu wa baiskeli walitupita wakitusalimia. Tanga yetu mji wa baiskeli, hilo halina aibu, ila tulifika wali umekwisha.

Mama mkwe naye alipigwa marufuku kuweka mkoba wake juu ya boneti. Aliuweka wakati anatafuta funguo, basi. Mzee wa watu akamtazama mwanawe, akamuuliza: "Mwanangu, gari hii ya kupanda au ya kutazama?" Hakujibiwa mpaka leo.

Ugomvi mkubwa lakini ulikuwa wa mzambarau. Uani kwetu kuna mzambarau alioupanda marehemu baba mkwe, na chini yake ndipo penye kivuli pekee. Msimu ukifika, zambarau zinadondoka zenyewe, nyingine zinaliwa na kunguru na popo, na zote, kwa njia moja au nyingine, zinaishia juu ya gari. Gari la rangi ya fedha lenye madoa ya zambarau, mtu anaweza kudhani ni kitenge. Shemeji akaitisha kikao. Akapendekeza mti ukatwe.

Mke wangu ni mpole, lakini siku ile aliinuka. Alisema mti huo kila msimu unaleta pesa, mama anauza zambarau kwa kikombe pale barazani, na haujawahi kuomba oili. "Wewe gari yako imetuletea nini, tangu imekuja?" Kikao kikavunjika. Mti upo. Shemeji alinunua turubai la kufunikia gari, na upepo wa kusi ukalichukua hilo turubai ukalipeleka kwa jirani, ambaye sasa amefunikia kuni.

Rangi ilipokwisha kulindwa, yakaja mapambo. Shemeji aliondoa rimu ambazo gari lilikuja nazo kutoka Japani akafunga kubwa, na rimu kubwa zinataka matairi yenye ubavu mfupi, na matairi ya namna hiyo hayapendi mashimo, na mimi sijui mtaa wetu unaweza kuyaficha wapi. Akaweka tinti. Akaongeza taa chini ya bampa. Kisha akabandika paa, boneti na vioo vya pembeni karatasi nyeusi, likawa gari la rangi mbili. Akaenda nalo mjini kwa madaha. Akarudi kimya.

Trafiki alimsimamisha, akaomba kadi. Kadi imeandikwa rangi ya fedha. Trafiki akalizunguka gari polepole, akauliza kwa upole: "Kijana, hii gari ni rangi gani?" Sasa hilo swali, ukilifikiri, ni gumu. Rangi imo kwenye kadi, na ukiibadili unatakiwa uwataarifu TRA kadi irekebishwe. Shemeji akasema ni fedha. Trafiki akauliza, hii nyeusi je? Shemeji akasema hiyo ni stika. Wakaanza kuhesabu fedha ni kiasi gani na stika ni kiasi gani. Wakatoka hapo wakaingia kwenye taa za ziada. Kosa moja la barabarani ni shilingi 30,000, na yule afande hakuwa mtu wa kuridhika na moja.

Na hapo bado gari halijatembea. Leseni ya magari ya kila mwaka ilifutwa mwaka 2017, watu wakashangilia, lakini fidia yake ikapelekwa kwenye mafuta, shilingi 40 kila lita, na mwaka 2023 zikaongezwa 100 nyingine. Kwa hiyo bado unalipa, ila sasa unalipia kwenye pampu, ukiwa umekaa. Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA wanapotangaza bei za mafuta, nyumbani kwetu ni kama tunasubiri matokeo ya mtihani. Bima ndogo ni 118,000 ukijumlisha VAT. Shemeji haipendi bima. Anasema inalipwa halafu haionekani. Nilipolisikia neno hilo ndipo nilipomwelewa kijana huyu na wenzake wote ninaowaona wamejipanga Raskazone Jumapili jioni: kisichoonekana hawakilipii.

Shokapu hazionekani, basi zinagonga. Oili haionekani, basi inapitishwa muda wake. Matairi ya nyuma yamekuwa vipara, lakini rimu zake unaweza kujitazamia ndevu.

Mwisho gari likaanza kulia upande wa kushoto, ikabidi liende gereji. Fundi, mzee wa Kidigo asiye na maneno mengi, akaliinua kwa jeki, akaingia chini na bisibisi. Tukasikia tik, tik, tik, kisha tukasikia kimya. Bisibisi ilikuwa imepita. Chini ya mlango, pale penye ubao wa kupandia, bati lilikuwa limebaki rangi tu. Mzee akatuonyesha: magari mengine yanatoka sehemu za Japani zenye theluji, ambako barabara zinamwagwa chumvi ili barafu iyeyuke, na chumvi ile inakuja nayo chini. Yakifika hapa yanaikuta chumvi ya bahari, na vitundu vya kutolea maji chini ya milango vimezibwa kwa vumbi na sabuni ya kuoshea. Maji yanakaa humo humo. Kutu inakula kutoka ndani kwenda nje, na wewe uko juu unasugua.

Dawa yake ilikuwa kuchomelea bati jipya, kupaka chini rangi nyeusi ya lami, na kuzibua vitundu. Mzee anasema wasio na uwezo wa lami wanapuliza oili chafu, inachafua lakini inasaidia. Bei ya kazi yote haikufika hata robo ya pesa ya seramiki. Shemeji akauliza kama hiyo lami ipo ya rangi nyingine.

Mimi nashangaa kwa sababu sisi ni watu wa pwani, na jambo hili wazee wetu walilimaliza zamani. Mwenye jahazi alikuwa na mapambo yake, nakshi za tezi, rangi, bendera. Lakini bamvua ikija, chombo kilipandishwa ufukoni, tumbo likakwanguliwa, likapakwa deheni, yaani shahamu na chokaa. Mbao za juu zikapakwa sifa, mafuta ya papa yanayonuka mtaa wa tatu. Nahodha aliyepamba tezi akasahau tumbo, huyo hakuwa na safari ya pili.

Gari limerudi uani. Chini limechomelewa, juu linang'aa, na kunguru wamekwisha kuliona. Kwa hiyo nawaomba wasomaji wa Makorora, Mikanjuni, Chumbageni, hata Duga: mwenye banda la bati lisilo na mti karibu, lenye geti, anitafute. Kodi atalipa shemeji, akimaliza deni la rimu.